Tatizo la Kupata Waandishi na Watangazaji wa Kiswahili Nchini Kenya: Mtazamo wa Kihistoria

Utangulizi

Malalamiko kwamba vyombo vya habari vya Kiswahili nchini Kenya havipati watu wa kufaa si mapya. Yalikuwako wakati wa ukoloni, yakaendelea baada ya Uhuru, na hata leo hayajakoma. Husemwa kwamba waombao kazi ni wengi, lakini wawezao kuandika habari kwa Kiswahili fasaha, kwa haraka na bila ya kusahihishwa kila sentensi, ni wachache mno.

Aghalabu malalamiko hayo hufuatiwa na maelezo ya namna mbili. Ya kwanza ni kwamba Wakenya wengi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, na kwa hiyo hawana umilisi wa kutosha. Ya pili ni kwamba Waswahili wa pwani, ambao wanao umilisi huo, walichelewa kupata elimu ya shule ambayo kazi hiyo yaitaka. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Yanaufanya uhaba uonekane kama jambo la maumbile, mfano wa ukame, ilhali uhaba huo una historia, na historia hiyo ina watendaji.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhaba wa waandishi na watangazaji wa Kiswahili ulitokana zaidi na namna kazi yenyewe ilivyopangwa kuliko na upungufu wa watu. Tangu mwanzo wa miaka ya sitini mwandishi wa gazeti la Kiswahili alitakiwa kwanza awe msomaji hodari wa Kiingereza, kwa sababu kazi aliyoajiriwa kuifanya haikuwa hasa kuandika bali kutafsiri. Sharti hilo liliwafungia mlango wengi walioijua lugha vizuri, likawafungulia wengi walioijua nusu. Na hao walioingia hawakupewa nafasi ya kuifanya nusu yao iwe nzima. Siasa nazo ziliwaondoa baadhi ya waliokuwa na vipawa vyote viwili.

Walimu na makarani

Magazeti ya kwanza ya Kiswahili hayakuwa na jeshi la waandishi wa mshahara. Msimulizi, lililoanzishwa mwaka 1888 na misheni ya UMCA huko Zanzibar, lilitegemea walimu na wanafunzi wa shule za misheni hiyo. Kiongozi, lililotolewa Tanga kuanzia 1904 katika shule ya serikali ya Wajerumani, lilipata barua na habari zake kutoka kwa walimu na makarani waliotawanyika katika miji ya pwani na bara. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, na utaratibu ukawa karibu ni ule ule: msomaji wa jana ndiye mwandishi wa leo. Huko Nairobi, kampuni ya East African Standard ilianzisha Baraza mwaka 1939, mwaka ulipozuka Vita Kuu vya Pili.

Yafaa magazeti haya yasisifiwe kupita kiasi. Yalikuwa chini ya misheni, serikali au kampuni za wageni, na yaliyoruhusiwa kusemwa ndani yake yalikuwa na mipaka. Hata hivyo, kwa upande wa lugha, yalikuwa na sifa moja ambayo baadaye ilipotea. Mwalimu wa shule aliyeandika juu ya nzige walioingia katika kijiji chake aliliona jambo hilo kwa macho yake, akalifikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, kisha akaliandika kwa Kiswahili ili lisomwe na walimu wenzake. Hapakuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyolala mezani mbele yake. Alipokosea, alikosea kama mtu anayejifunza kuandika. Hakukosea kama mtu anayejaribu kuokoa maana ya mwingine.

Wakati huo huo wigo wa watu wa kuchaguliwa ulikuwa mwembamba. Shule zilikuwa chache, na wale wachache waliohitimu walitakiwa kila mahali: makanisani, katika reli, mahakamani na katika ofisi za wakuu wa wilaya. Tena, baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 na Kiunguja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, mwandishi aliyelelewa katika Kimvita au Kiamu, lahaja zenye fasihi andishi ya karne nyingi, alijikuta amekuwa mwanafunzi tena. Watu ambao wangekuwa hazina ya kwanza ya magazeti ya Kenya waliambiwa kwamba Kiswahili chao chahitaji kunyoshwa.

Siasa na Hali ya Hatari

Mwandishi mzuri wa lugha ya Kiafrika katika miaka ya arubaini alikuwa pia mtu wa siasa, hata asipopenda, kwa kuwa kalamu ilikuwa miongoni mwa silaha chache ambazo Mwafrika angeweza kuzishika hadharani. Johnstone Kenyatta alihariri Muigwithania, gazeti la Kikuyu, mwaka 1928 kabla hajaenda Uingereza. Francis Khamisi, mmoja wa wahariri wa mwanzo wa Baraza, alikuwa pia katibu wa chama kilichozaliwa mwaka 1944 na kujulikana baadaye kama Kenya African Union. Mwaka 1958 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kuiwakilisha Mombasa. Haya hayakuwa makosa ya mtu. Katika nchi yenye wasomi wachache, mtu mmoja alitakiwa afanye kazi ya watu watano, na uandishi wa habari haukuwa wenye heshima kubwa zaidi wala malipo bora zaidi katika hizo tano.

Wengine hawakuvutwa na siasa bali waling'olewa nayo. Henry Muoria alikuwa mfanyakazi wa reli aliyejifunza uandishi wa habari kwa posta kutoka Uingereza. Mwaka 1945 alianzisha Mumenyereri, gazeti la Kikuyu lililopendwa sana. Alikuwa London ilipotangazwa Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na gazeti lake lilipigwa marufuku pamoja na magazeti mengine ya Waafrika. Hakurudi kuishi nchini. Mtu aliyejifundisha kazi hii kwa jitihada zake mwenyewe, akawa mhariri na mwenye gazeti, aliishia kupata riziki katika reli ya chini ya ardhi ya London.

Hasara ya 1952 haikuwa ya magazeti ya Kikuyu peke yake. Magazeti madogo ya lugha za Kiafrika yalikuwa ndiyo shule pekee ambamo Mwafrika angeweza kujifunza kuhariri, yaani kuamua lipi ni habari na lipi si habari. Yalipofungwa, zilibaki nafasi katika idara ya habari ya serikali, katika African Broadcasting Service iliyoanzishwa 1953, na katika magazeti ya makampuni ya Wazungu. Huko Mwafrika aliweza kujifunza kuandika na kusoma taarifa. Uamuzi wa nini kiandikwe ulifanywa na mwingine. Kwa hiyo Uhuru ulipokaribia, Kenya ilikuwa na waandishi kiasi, lakini ilikuwa na wahariri wa Kiafrika wachache mno.

Nyumba moja, magazeti mawili

Historia ya Taifa Leo ina jambo moja ambalo husahauliwa. Aga Khan alipoingia katika biashara ya magazeti nchini Kenya mwaka 1959, alianza kwa kununua gazeti la Kiswahili, yaani Taifa. Mwaka 1960 Taifa Leo likawa la kila siku, na Daily Nation likafuata mwaka huo huo. Katika nyumba hiyo, basi, Kiswahili ndicho kilichokuwa kifungua mimba. Haukupita muda mrefu kabla ya mkubwa kufanywa mdogo.

Sababu yake haikuwa chuki dhidi ya lugha. Wenye biashara waliotangaza bidhaa zao walimtafuta msomaji mwenye fedha, na msomaji huyo alihesabiwa kuwa ni msomaji wa Kiingereza. Telegramu za Reuters zilikuja kwa Kiingereza. Wizara na mashirika yalitoa taarifa zao kwa Kiingereza. Katika hali hiyo ilionekana ni busara kumtuma ripota mmoja, aandike kwa Kiingereza, kisha maandishi yake yatafsiriwe kwa ajili ya gazeti la pili. Tafsiri iliokoa mishahara, na kila gazeti la Kiswahili lililokaa nyumba moja na gazeti la Kiingereza lilivutwa na hesabu hiyo, likawa na wafasiri wengi kuliko maripota.

Matokeo yake kwa lugha yamezungumzwa mara nyingi na wataalamu, hasa juu ya tafsiri sisisi kama vile mkutano "kuchukua nafasi" badala ya kufanyika. Lakini dosari za maneno ndizo ndogo. Kubwa zaidi ni ile ya muundo wa habari yenyewe. Mwandishi wa Kiingereza hufunzwa kuyakusanya mambo yote katika sentensi ya kwanza. Sentensi hiyo ikihamishwa ilivyo, huzaa Kiswahili cha namna hii: "Mkulima mmoja mwenye umri wa miaka sitini, aliyekamatwa juma lililopita kwa shtaka la kuvusha kahawa mpakani kwa magendo, jana alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na hakimu wa wilaya baada ya kukiri kosa." Hakuna kosa la sarufi hapo. Hata hivyo, mtu anayesimulia kwa Kiswahili angesema: "Mzee mmoja mkulima amefungwa miaka miwili kwa magendo ya kahawa. Alikamatwa juma lililopita akiivusha mpakani. Jana alipofikishwa mbele ya hakimu, alikiri." Kuiandika habari hivyo kwahitaji mtu aijue habari yenyewe, si maneno yake tu, kwani aliyeijua ndiye awezaye kuivunja na kuiunda upya. Mfasiri ambaye hakwenda mahakamani, na ambaye saa ya mtambo wa kuchapa yamkaribia, hathubutu.

Yako mazingira ambamo mzunguko huu ulifikia kiwango cha kushangaza. Katika mikutano ya hadhara, Rais, mawaziri na wakuu wa wilaya walizungumza na wananchi kwa Kiswahili. Ripota aliyekuwa hapo, awe wa gazeti au wa Shirika la Habari la Kenya lililoanzishwa 1963, aliyaandika maneno hayo kwa Kiingereza na kuyapeleka Nairobi. Huko mfasiri wa gazeti la Kiswahili aliyarudisha katika Kiswahili. Hivyo msomaji wa Kiswahili aliweza kununua gazeti na kukuta ndani yake hotuba aliyoisikia kwa masikio yake, ikiwa imepita mikono miwili na lugha mbili, na haifanani tena na ile aliyoisikia.

Vifaa vya kumsaidia mfasiri huyo vilikuwa haba. Hadi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, tegemeo lake kubwa lilikuwa kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939, zilizotungwa kabla ya bomu la atomiki, Umoja wa Mataifa na safari za anga. Tanzania ilikuwa na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967. Kenya haikuwa na chombo cha namna hiyo. Istilahi nyingi ambazo Wakenya walizisoma magazetini zilibuniwa usiku, na mtu mmoja, kwa dakika chache, bila ya mtu wa kumwuliza.

Waliobaki nje

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hapakuwa na watu bora zaidi wa kuajiriwa. Lakini magazeti yale yale yanatoa ushahidi wa kinyume. Kurasa za barua na mashairi za Baraza na Taifa Leo zilijazwa na watu wenye ustadi wa lugha usiotiliwa shaka: walimu wa madrasa, mafundi, wavuvi, makarani na walimu wa shule za msingi. Waliandika bila ya malipo, walijibizana kwa vina na mizani, walishutumiana kwa matumizi mabaya ya neno moja. Gazeti liliwapokea kama washairi, wala halikuwafikiria kama waandishi wa habari, kwa maana wengi wao hawakuwa na cheti cha Kiingereza ambacho kazi ya kutafsiri iliwadai. Hivyo katika jengo moja mlikuwa na meza ya mfasiri aliyehangaika kutafuta neno, na furushi la barua kutoka kwa watu waliokuwa na neno hilo.

Redio ilikuwa na nafuu. Serikali ilipoitwaa redio mwaka 1964 na kuiita Sauti ya Kenya, Idhaa ya Taifa ilirithi baadhi ya vipawa vilivyolelewa na African Broadcasting Service na, kule Mombasa, na Sauti ya Mvita. Sauti haifichiki kama maandishi: asiyejua kutamka husikika siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo redio ilikuwa tayari kumtafuta mtu kwa kipimo cha lugha. Taarifa ya habari iliendelea kutafsiriwa, lakini vipindi vingine havikuwa na asili ya Kiingereza. Leonard Mambo Mbotela, aliyeingia katika Sauti ya Kenya mwaka 1964 na kufariki mwaka 2025, alianzisha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966. Kipindi hicho kilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Swali lenyewe lililo katika jina lake halitafsiriki kwa urahisi, kwa maana "ungwana" ni neno lenye mizizi katika maisha ya mji wa Kiswahili, na msikilizaji wa Kisumu au Meru alilipokea na kulifanya lake.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa kandanda. Mtangazaji wa mpira hana karatasi. Mchezo haumngojei atafute neno katika kamusi, na hakuna Kiingereza kilichoandikwa mbele yake cha kumtangulia. Ni katika utangazaji huo ambapo msamiati wa mlinda lango, kiungo, mshambulizi, kabumbu na dimba ulitiwa nguvu na kuenea hadi vijijini, pasipo kamati wala semina. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Watangazaji wale hawakuzaliwa na istilahi za mpira. Waliundwa na kazi iliyowalazimisha kufikiri kwa Kiswahili kila dakika.

Wengine waliotakiwa nyumbani walitakiwa pia ng'ambo. Redio ya Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, na Deutsche Welle mwaka 1963. Idhaa hizi zilihitaji watu walioimudu lugha, na zilikuwa na uwezo wa kuwaita kutoka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Si vema kuwalaumu waliokwenda. Yafaa zaidi kuuliza ni nini kilichowaondoa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi ya kisiasa iliyouliza Kenya yaenda wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Alipofunguliwa mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kutoka 1979 hadi 1986 alikuwa mtangazaji wa BBC mjini London, na baadaye akahariri jarida la Africa Events huko huko. Miaka ile ambayo ilisemwa kwamba Kenya haina watu wa kuandika Kiswahili, mmoja wa wajuzi wake wakubwa alikuwa akiandika Kiswahili kila siku, lakini si Kenya. Kisa chake na kile cha Muoria vyapishana kwa miaka 20, na serikali mbili tofauti, lakini hesabu ya hasara ni moja.

Mafunzo na tangazo la 1974

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna aliyejaribu kuwafunza waandishi. Kati ya 1963 na 1968 Taasisi ya Kimataifa ya Magazeti (IPI) iliendesha mafunzo mjini Nairobi kwa waandishi wa nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza, chini ya Tom Hopkinson na baadaye Frank Barton. Chuo cha utangazaji cha serikali, kilichokuja kuitwa Kenya Institute of Mass Communication, kiliwafunza mafundi na watangazaji. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Shule ya Uandishi wa Habari. Vituo hivi viliisaidia nchi kuweka Waafrika katika nafasi ambazo hadi hapo zilishikwa na wageni. Lugha kuu ya mafunzo hayo, hata hivyo, ilikuwa Kiingereza. Mwanafunzi alijifunza kuhoji, kufupisha na kupanga habari kwa Kiingereza. Ikiwa baadaye aliajiriwa na gazeti la Kiswahili, alitarajiwa kuuhamisha ujuzi huo peke yake, kana kwamba ujuzi wa kuandika ni mzigo ambao hubebwa kutoka lugha moja hadi nyingine bila ya kupungua. Kwa upande wa pili, Kiswahili kilipofundishwa katika chuo kikuu kilifundishwa kama isimu na fasihi. Walioijua habari hawakufunzwa lugha, na walioijua lugha hawakufunzwa habari.

Udhaifu wa mpango huu ulidhihirika Julai 1974, Rais Kenyatta alipotangaza kwamba tangu hapo Bunge lingetumia Kiswahili. Tangazo lilikuja kwa ghafla. Wabunge waliosifika kwa ufasaha wa Kiingereza walinyamaza. Wengine waliokuwa kimya walipata sauti. Taarifa rasmi za mijadala sasa zilipaswa kuandikwa kwa Kiswahili, ingawa miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kwa mara ya kwanza ripota wa gazeti la Kiingereza ndiye aliyekuwa mfasiri, na yule wa Kiswahili ndiye aliyesikia maneno katika lugha ya asili. Hii ilikuwa fursa adimu ya kuugeuza mpango mzima. Kwa kuwa hapakuwa na matayarisho ya mafunzo, ya istilahi wala ya watu, fursa hiyo haikutumiwa ipasavyo, na kufikia mwaka 1979 lugha zote mbili zilikuwa zimeruhusiwa Bungeni.

Hapa ndipo mfano wa Tanzania unapofaa. Gazeti la Uhuru, lililoanzishwa na TANU mwaka 1961, nalo lilipokea habari za dunia kwa Kiingereza, na wafasiri wake walikuwa na shida zile zile. Lakini tangu 1967 shughuli nyingi za serikali na chama ziliendeshwa kwa Kiswahili. Hotuba ya waziri, waraka wa chama na maelezo ya mkuu wa wilaya vilimfikia ripota vikiwa tayari ni Kiswahili. Tofauti kati ya nchi hizi mbili haikuwa ya vipawa. Ilikuwa ya lugha ambayo habari ilizaliwa nayo.

Baada ya 1985

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliofuata ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981 na kuanza kutekelezwa 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Watahiniwa wa kwanza wa kidato cha nne wa mfumo huo walifanya mtihani mwaka 1989, na wa kwanza kuingia vyuo vikuu waliingia mwaka uliofuata. Kufikia katikati ya miaka ya tisini nchi ilikuwa, kwa mara ya kwanza, na maelfu ya vijana kutoka kila mkoa waliosoma Kiswahili kwa miaka 12 au zaidi. Yale maelezo ya zamani, kwamba watu hawakufundishwa lugha, hayakuwa na nguvu tena.

Wakati huo huo serikali ilianza kulegeza umiliki wake wa mawimbi. Vituo vya kibinafsi vya redio na runinga viliongezeka tangu nusu ya pili ya miaka ya tisini, na vingi vikatambua kwamba wasikilizaji wengi wa Kenya wako katika Kiswahili. Neno lenyewe "runinga", alilolibuni Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, lilienea kupitia vyombo hivi, na ni ushahidi kwamba mjuzi wa jadi na chumba cha habari cha kisasa waweza kufaana wakikutana.

Lakini mpango wa kazi haukubadilika kwa kasi ya mitaala. Vituo vingi vilikuwa na chumba kimoja cha habari, ambamo ripota aliandika kwa Kiingereza kwanza na Kiswahili kikafuata. Kijana wa 8-4-4 aliyekuja na shahada ya Kiswahili alipewa kazi ile ile aliyopewa mtangulizi wake wa 1960. Tena, biashara ilipobana, Kiswahili hakikunusurika. Kenya Leo, gazeti la KANU lililoanza 1983, halipo tena. Mwaka 2016 kampuni ya Nation ilifunga Q FM na QTV, zilizokuwa zikitangaza kwa Kiswahili. Taifa Leo limebaki kuwa gazeti la pekee la Kiswahili la kila siku nchini. Kwa hiyo tatizo limejipindua: zamani ilisemwa kwamba nafasi zipo na watu hawapo, sasa watu wapo, na nafasi ambazo ndani yake wangekomaa ndizo chache.

Hitimisho

Historia hii yaonyesha kwamba ustadi wa kuandika habari kwa Kiswahili ulikua pale ambapo mtu hakuwekewa Kiingereza mbele yake: katika barua za walimu wa Kiongozi na Mambo Leo, katika kurasa za mashairi, na katika utangazaji wa kandanda. Ulidumaa pale ambapo kazi iligeuzwa kuwa tafsiri ya kudumu, hata alipoajiriwa mtu mwenye kipawa. Tafsiri haitakoma, wala haipasi kukoma, kwa maana habari za dunia zitaendelea kuja katika lugha nyingine. Linalowezekana ni kuacha kutafsiri habari zilizosemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Wajibu wa wenye vyombo vya habari katika jambo hili ni wazi: kuwatuma maripota wa Kiswahili mahakamani, Bungeni na vijijini, na kuwaacha waandike walichokisikia katika lugha waliyokisikia. Idara za lugha za Kiafrika nazo zina sehemu yao. Kwa miongo mingi zimechambua makosa ya magazeti, na uchambuzi huo umekuwa na faida. Lakini mwanafunzi aliyehitimu baada ya kuandika tasnifu juu ya makosa ya Taifa Leo, bila ya kuwahi kuandika habari moja ya mahakama kwa Kiswahili, hajatayarishwa kuyaondoa makosa hayo. Kozi ya uandishi wa habari kwa Kiswahili, itakayofundishwa na mwalimu wa lugha pamoja na mhariri aliyebobea, na ambamo kila mwanafunzi atatakiwa aende mahali, asikie na aandike siku hiyo hiyo, haihitaji jengo jipya wala fedha nyingi. Inahitaji kwamba idara mbili ambazo kwa muda mrefu zimekaa katika chuo kimoja bila ya kuzungumza zikubali kugawana ratiba.